Redishati na ustahiki katika futiboli ya vyuo vya Marekani: jinsi ya kulinda misimu yako 4

Kila kijana anayeingia timu ya futiboli ya Marekani chuoni huambiwa: una miaka 5 ya kucheza misimu 4. Familia nyingi husikia hapo jambo moja, na makosa mengi huanzia papo hapo. Hizo ni hesabu mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni ya misimu, nayo hupungua pale tu unapocheza. Ya pili ni ya muda, nayo hupungua hata ukiwa kitandani na mguu uliofungwa plasta. Redishati, yaani mwaka wa kukaa kikosini bila kutumia msimu, hulinda hesabu ya kwanza peke yake. Haiongezi siku hata moja kwenye ya pili.

Mwongozo huu ni wa wachezaji na wazazi, zikiwemo familia zetu zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Marekani kutoka Kongo, Kenya na Tanzania, ambazo mara nyingi hupokea habari hizi nusunusu kutoka kwa kocha mwenye haraka. Unahusu NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi yake ya juu, kwa kanuni zilivyokuwa msimu wa 2025. Divisheni ya Pili na ya Tatu hutumia mihula 10 ya masomo ya muda wote badala ya miaka 5 ya kalenda. Tofauti hiyo ni kubwa: kule ukikaa muhula mmoja nje ya chuo, hesabu inakusubiri. Divisheni ya Kwanza haikusubiri.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe muda wako ulipoanza

Miaka 5 huanza siku unapojiandikisha kuwa mwanafunzi wa muda wote katika chuo chochote na kuanza masomo ya muhula wa kawaida. Shika hilo neno "chochote". Chuo cha jamii cha miaka 2 kinahesabika. Chuo kisicho na timu kinahesabika. Chuo kikuu cha Nairobi au Dar es Salaam kinahesabika pia, hata kama wakati huo ulikuwa hujawahi kuushika mpira wenye ncha mbili. Kijana aliyesoma mwaka mmoja wa chuo Afrika Mashariki, akahamia kwa wazazi wake Marekani na kuanza upya mwaka wa kwanza, amebakiwa na miaka 4. Kuanza masomo upya hakurudishi muda nyuma.

Kwa kawaida muda wote ni krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa muhula. Anayesoma chini ya hapo hajawasha muda wake. Ndiyo maana makocha wengine humpendekezea kijana greishati: anamaliza sekondari mwezi Mei, msimu wa vuli anakaa nyumbani au anasoma krediti chache kwa gharama yake, kisha anaingia chuo rasmi Januari. Vuli ile haikatwi popote. Hasara yake ni kwamba miezi ile huna ufadhili wala huna nafasi kikosini, na ahadi ya kocha ya "Januari utaingia" haina nguvu mpaka iwe kwenye karatasi yenye saini. Na kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, njia ya kusoma krediti chache imefungwa: viza hiyo inakutaka usome muda wote, na ukipunguza krediti bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, utakachopoteza ni ruhusa ya kukaa nchini. Kocha anaweza asilijue hilo. Wewe lijue.

Chukua daftari, andika tarehe hiyo ukurasa wa kwanza. Aliyeanza Agosti 2025 ana vuli 5: 2025, 2026, 2027, 2028 na 2029. Katika hizo anaruhusiwa kutumia 4.

Yapo mambo machache yanayosimamisha muda wenyewe: utumishi jeshini, kazi rasmi ya umisionari wa kanisa, na huduma za nje zinazotambuliwa na serikali ya Marekani. Kufanya kazi ili kusaidia nyumbani hakumo.

Hatua ya 2: Hakikisha umeingia kwa mlango ulio wazi

Kabla ya redishati yoyote, Kituo cha Ustahiki cha NCAA kinapaswa kukupitisha. Divisheni ya Kwanza inataka masomo ya msingi 16 ya sekondari: Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3 kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi miaka 2, mwaka 1 wa ziada katika Kiingereza, hisabati au sayansi, masomo ya jamii miaka 2, na miaka 4 ya ziada katika hayo au lugha ya kigeni, dini au falsafa. Kati ya 16, kumi yawe yamekamilika kabla ya muhula wa 7 wa sekondari, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. GPA (wastani wa alama) ya masomo hayo isipungue 2.3. Alama za mitihani ya SAT na ACT ziliondolewa kwenye masharti Januari 2023.

Mwenye GPA kati ya 2.0 na 2.299, au aliyekosa sharti la 10 na 7, huwekwa kwenye redishati ya kitaaluma. Hii si ya hiari. Unapata ufadhili na unafanya mazoezi muhula wa kwanza, lakini mechi huchezi mwaka mzima. Ukitaka kuendelea na mazoezi muhula wa pili, lazima ufaulu krediti 9 katika ule wa kwanza. Misimu yako inabaki 4. Muda unabaki miaka 4. Chini ya 2.0 hakuna mazoezi, mechi wala ufadhili wa michezo mwaka huo.

Watoto waliohamia Marekani wakiwa wakubwa huangukia mashimo mawili. La kwanza ni madarasa ya Kiingereza kwa wageni: kwa kawaida hayahesabiwi kama Kiingereza cha msingi, isipokuwa ya ngazi ya juu ambayo shule imeidhinishiwa. Mtoto anaweza kufaulu vizuri miaka 2 kisha akaambiwa ana Kiingereza cha miaka 2 tu. Nenda kwa mshauri wa shule mwezi wa kwanza wa darasa la 9, mwombe orodha ya masomo ya shule hiyo yaliyoidhinishwa na NCAA, ulinganishe jina kwa jina. La pili ni vyeti vya nyumbani. Kama darasa la 9 au zaidi lilisomwa nje, Kituo kitataka ripoti za kila mwaka kwa lugha ya awali, tafsiri iliyothibitishwa, na cheti cha mtihani wa mwisho kama KCSE au cha kidato cha nne. Shule iliyofungwa kwa vita au iliyo mbali na posta haitoi ripoti kwa wiki moja. Anza kuzitafuta mwaka mmoja kabla.

Hatua ya 3: Elewa redishati yenyewe

Kwanza ondoa dhana kwamba kuna fomu. Hakuna. Kitabu cha kanuni kinazungumzia "msimu wa mashindano", nao ama umeutumia ama hukuutumia. Redishati ni jina la mitaani la mwaka ambao ulikuwa kikosini, ukafanya mazoezi, ukasoma, lakini hukutumia msimu. Hujulikana mwisho wa msimu kwa kuhesabu mechi ulizocheza. Kocha akikuambia Agosti "mwaka huu wewe ni redishati", ametaja nia yake. Oktoba anaweza kubadili.

Zamani kuingia uwanjani mara moja tu kulimaliza msimu mzima. Tangu 2018, mchezaji wa futiboli wa Divisheni ya Kwanza anaweza kucheza hadi mechi 4 na bado abaki na msimu wake. Mechi hizo si lazima zifuatane, wala ziwe za mwanzo. Unaweza kucheza ya 1, ya 2, ya 9 na ya 12. Timu zinazotumia kanuni hii kwa akili humtunza kijana mechi za mwanzo, kisha humtumia Novemba, mwili umeshapata miezi ya chumba cha vyuma na wakubwa wameanza kuchoka. Mechi za baada ya msimu, yaani fainali ya konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja), boli (mechi za mwaliko za mwisho wa msimu) na mchujo wa ubingwa, ziliondolewa kwenye hesabu ya zile 4. Hata hivyo pata jibu la maandishi la chuo chako kabla ya kuvaa kwa mechi ya namna hiyo.

Mechi huhesabiwaje? Ukiingia kwa mchezo mmoja, yaani mwendo mmoja wa mpira, wa sekunde 5, umecheza mechi moja. Kusimama kwenye safu ya kumlinda mpiga teke ni mechi. Kuingia dakika ya mwisho timu inaongoza kwa pointi 50 ni mechi. Kuvaa jezi na kukaa benchi mpaka mwisho si mechi. Mazoezi si mechi, na mchezo wa ndani wa majira ya kuchipua hauhesabiwi.

Mechi ya 5 ndiyo inayochoma redishati, na haifutiki. Mara nyingi haichomwi na kocha mkuu. Huchomwa na kocha wa vikosi vya mateke ambaye mtu wake ameteguka kifundo, akageuka nyuma, akamshika wa kwanza aliyemwona. Kwa hiyo weka hesabu yako mwenyewe:

– Kila Jumapili andika tarehe, mpinzani, na michezo uliyoingia. Linganisha na takwimu rasmi za chuo; ukiona kosa, liripoti wiki hiyo hiyo, si Desemba.
– Ukifikisha mechi 3, omba kikao na kocha wa nafasi yako. Swali ni moja: ile ya 4 mnaitaka lini, na je, mna mpango wa kuvuka?
– Ukifikisha 4, mkumbushe kwa mdomo kocha wa vikosi vya mateke kabla ya kila mechi, kisha utume ujumbe mfupi kwa ofisi ya kanuni ya chuo. Kila chuo kina ofisi hiyo. Kazi yake ni kuhesabu mambo haya.

Ukiombwa kuvuka mechi ya 4, usijibu uwanjani. Uliza utacheza michezo mingapi kwa mechi zilizobaki. Mechi 7 za kucheza robo tatu ya muda zinaweza kuwa na thamani kuliko mwaka wa 5 ambao huenda hutauhitaji. Mechi 2 za kukimbia nyuma ya mpira uliopigwa teke hazilingani na msimu mzima.

Hatua ya 4: Amua kama redishati inakufaa

Redishati huwafaa zaidi wanaohitaji mwili: wachezaji wa mstari wa mbele, ambao sekondari walikuwa wakubwa kuliko wote na chuoni wanakuta watu wazima wa miaka 22. Huwafaa pia makwotabeki, yaani warusha pasi wanaoongoza mashambulizi, kwa sababu kitabu cha mbinu huchukua muda kukaa kichwani. Johnny Manziel wa Texas A&M alikaa nje mwaka 2011, na 2012 akawa wa kwanza kupata tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, akiwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Jameis Winston wa Florida State alifuata njia hiyo hiyo: nje 2012, Heisman 2013. Kwenye orodha ya kikosi wote wawili waliitwa wa mwaka wa kwanza, ingawa darasani walikuwa mwaka wa pili. Huko ndiko yanakotoka majina ya mwaka yenye alama ya R (redishati) kwenye orodha: hutaja msimu wa uwanjani, si mwaka wa masomo.

Haimfai anayejua ataondoka baada ya miaka 3 kwenda NFL, ligi ya kulipwa, kwani ligi hiyo inataka miaka 3 tangu kumaliza sekondari na haijali ulicheza misimu mingapi. Na sasa kuna jambo jipya la kupima. Suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA kuhusu malipo ya wachezaji, iliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken Juni 6, 2025, imeweka kikomo cha wachezaji 105 kikosini kwa vyuo vilivyojiunga nayo. Zamani kikomo kilikuwa ufadhili 85, na wasio na ufadhili waliweza kujazana pembeni. Sasa kila anayekaa nje anashika nafasi mojawapo ya 105. Tunaona ni haki ya mzazi kuuliza waziwazi kabla ya kusaini: mtoto wangu akikaa nje mwaka wa kwanza, nafasi yake ya mwaka wa pili imeandikwa wapi?

Redishati pia imekuwa silaha ya mchezaji. Septemba 2018 Kelly Bryant wa Clemson, alipopoteza nafasi kwa Trevor Lawrence baada ya mechi 4, aliacha timu, akautunza msimu na kuucheza Missouri 2019. Septemba 2024 Matthew Sluka wa UNLV alisimama baada ya mechi 3, timu ikiwa haijapoteza hata moja. Kanuni inaruhusu. Lakini anayesimama katikati ya msimu anaweza kupoteza ufadhili na malipo aliyoahidiwa, kwa hiyo soma mkataba kwanza, uamue baadaye.

Hatua ya 5: Darasani redishati haipo

Hapa ndipo wengi huumia bila kelele. Mwaka wa redishati masharti ya masomo yanakuhusu sawasawa na anayecheza kila Jumamosi:

Usishuke chini ya krediti 12 wakati wa muhula. Ukifuta somo moja ukabaki na 9, siku hiyo hiyo umezuiwa mechi na mazoezi. Kabla ya kufuta somo lolote, pita ofisi ya kanuni.

Muhula wa vuli, mchezaji wa futiboli anatakiwa kufaulu krediti 9, ilhali michezo mingine inataka 6. Akikosa, hachezi mechi 4 za kwanza za msimu unaofuata. Anaweza kurudishiwa 2 akifikisha krediti 27 kabla ya vuli ijayo, na mara moja tu katika maisha yake ya chuo anaweza kurudishiwa zote 4.

Kabla ya mwaka wa 2 awe na krediti 24. Mwanzo wa mwaka wa 3 awe ametangaza shahada anayosomea na kukamilisha asilimia 40 yake. Mwaka wa 4 asilimia 60. Mwaka wa 5 asilimia 80. Asilimia hizo ni za shahada uliyoitangaza. Ukibadilisha kozi kutoka uhandisi kwenda biashara mwaka wa 3, krediti zako zipo lakini nyingi zinaweza kuacha kuhesabika, na ukajikuta kwenye asilimia 31. Hili huwapata hasa wanaohamahama, kwa kuwa kila chuo hupokea krediti kwa masharti yake. Tangu Aprili 2024 mchezaji anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje, mradi masomo yake yako sawa, na ni hilo la masomo linalowakwamisha. Dirisha la uhamisho nalo ni fupi: kwa 2026 liliwekwa moja tu, Januari 2 hadi 16. Omba tathmini ya krediti kwa maandishi kabla ya kusaini popote.

Njia safi kwa anayekaa nje mwaka mmoja ni kumaliza shahada kwa miaka 4 na kucheza mwaka wa 5 akiwa mwanafunzi wa shahada ya pili. Hesabu ya asilimia 80 hapo inakufa yenyewe.

Hatua ya 6: Ukiumia, kusanya karatasi siku hiyo hiyo

Msamaha wa majeraha, yaani kurudishiwa msimu ulioharibiwa na jeraha, una masharti matatu: jeraha au ugonjwa limemaliza msimu wako, limetokea katika nusu ya kwanza ya msimu, na hukucheza zaidi ya mechi 3 au asilimia 30 ya mechi za timu, lolote lililo kubwa. Asilimia 30 ya mechi 12 ni 3.6, nayo hupandishwa kuwa 4. Utaona kwamba aliyecheza mechi 4 tayari analindwa na kanuni ya 2018, hata bila kuomba chochote.

Basi kwa nini uhangaike na karatasi? Kwa ajili ya mwaka wa 6. Kuongezewa muda juu ya miaka 5 kunahitaji kuonyesha kwamba ulinyimwa misimu 2 kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako na wa chuo. Aliyeumia mwaka wa kwanza hakudai kitu, kwa kuwa redishati ya kawaida ilitosha. Akiumia tena mwaka wa 4, ataulizwa ushahidi wa lile jeraha la kwanza, na daktari wa timu ameshahama. Kinachokubalika ni maandishi ya wakati ule ule: ripoti ya daktari yenye tarehe, picha za MRI, taarifa ya upasuaji, na barua inayosema huwezi kurudi msimu huo. Barua iliyoandikwa miaka 3 baadaye ina uzito mdogo. Cam McCormick alicheza Oregon kisha Miami kuanzia 2016 hadi 2024, miaka 9, baada ya majeraha mfululizo pamoja na msimu wa 2020 ambao kwa sababu ya korona haukuhesabiwa kwa mtu yeyote. Bila faili la hospitali, mlolongo wa namna hiyo hauwezekani.

Mahakama na chuo cha jamii

Kwa kanuni, msimu uliochezwa chuo cha jamii hukatwa kwenye misimu yako 4. Desemba 2024 Diego Pavia wa Vanderbilt, aliyepitia chuo cha jamii huko New Mexico, alipata amri ya mahakama ya shirikisho huko Tennessee iliyomruhusu kucheza 2025. NCAA ikatoa ruhusa ya jumla ya mwaka mmoja kwa waliokuwa na hali kama yake ambao misimu yao ilikuwa inaisha. Baada yake kesi zimefuatana, majaji wengine wakikubali na wengine wakikataa, na ndani ya NCAA kwenyewe umejadiliwa mpango wa kumpa kila mtu misimu 5 katika miaka 5. Usipange maisha juu ya kesi ya mwenzako. Ila kama ulipitia chuo cha jamii na unaambiwa umemaliza, iulize ofisi ya kanuni swali hili kwa barua pepe, kwa tarehe: leo, kwa hali yangu, kuna ruhusa gani ninayoweza kuombewa, na mwisho wa kuomba ni lini?

Siku ukiondoka chuo chochote, kwa kuhama au kuhitimu, ondoka na vitu vinne mkononi: nakala rasmi ya matokeo, orodha ya mechi ulizocheza kila msimu iliyosainiwa na ofisi ya kanuni, faili kamili la matibabu, na nakala ya kila ufadhili au mkataba uliosaini. Viombe kabla akaunti yako ya barua pepe ya chuo haijafungwa.